Mlinzi wa Televisheni

Ishiara, Jumanne usiku, 1998

Afadhali ningenunua kufuli kubwa tu.

Magunia yangu ya ndengu yanaibwa stoa, ndiyo maana nilichagua kamera ya nje hasa, ya kuvumilia jua na vumbi la hapa. Leo fundi ameifunga juu ya mlango wa stoa, akavuta waya hadi kwenye televisheni ya sebuleni. Mlango ukaonekana vizuri kabisa. Nilifurahi, kusema kweli.

Furaha yenyewe haikufika hata chai ya jioni. Naingia sebuleni, namkuta Mzee Njeru, mlinzi wangu, amekaa kwenye kiti changu, rungu magotini, macho kwa televisheni.

"Mzee, si unafaa kuwa kule nje?"

"Mama, kule nje mbu wananimaliza. Na hapa naona mlango wote."

"Na mwizi akikuja?"

"Si nitamwona!"

Nikamwekea chai. Ningefanya nini?

Sasa stima imepotea, naandika kwa taa ya mafuta. Stoa iko huko gizani, haina mtu. Nimechungulia sebuleni: Njeru bado amekaa mbele ya kioo cheusi, anangoja mlango urudi.