Nyekundu ya Babu

Shoga, nimeyakoroga. Nimejifungia chooni, wageni bado wako ukumbini.

Si unaijua ile programu yetu, inayolinganisha vitabu vya fiqhi na kupaka nyekundu kila kilichonakiliwa kwingine? Leo tulikuwa tunaionyesha. Kwa kimbelembele changu nikaingiza kitabu alichoandika babu bila kukijaribu kwanza.

Kikawa chekundu. Mwanzo mpaka mwisho. Chekundu chote, shoga.

Profesa tunayeshirikiana naye akaninong'oneza, "Zima. Wanazuoni wa zamani walinukuu bila kutaja, si ajabu. Lakini zima."

Kumbe baba ameshaingia. Maelezo yote yamempita, anatabasamu tu. "Mwanangu, hayo mekundu ndiyo aliyoyatunga babu yako mwenyewe?"

Nikamwambia ndiyo.

Sasa namsikia huko nje, anawaeleza wageni mmoja mmoja.