Shati la Luhaga Lililofuliwa

Igogo, Mwanza,
Jumapili, 24 Julai 1994.

Mpendwa mdogo wangu Luhaga,

Marahaba. Najua umeshaniamkia huko uliko, maana adabu hukukosa hata ulipokuwa mtundu. U hali gani? Kile kifua kilichokuwa kinakubana kimepoa? Tunasikia Songea ni baridi kali mwezi huu, basi vaa vizuri, usijifanye kijana. Sisi huku hatujambo. Mama anakula, anatembea mwenyewe hadi bombani, ni magoti tu yanayomsumbua. Mimi niko vilevile, mdomo haujapungua.

Niseme mapema ninachotaka, ndipo nikueleze sababu. Nataka shati lako chafu. Livae siku saba mfululizo, utokwe jasho ndani yake, usilitie maji, na lifike hapa kabla ya mwisho wa Septemba. Usicheke. Tukilikosa, sisi wote wa nyumba hii tutakusahau, na hata kwamba tumekusahau hatutajua.

Ni miaka tisa tangu uondoke, labda kalenda ya majirani imekutoka kichwani. Nasema majirani kama Mama anavyotaka tuwaite, wale watu wafupi wanaoishi ndani ya jiwe. Babu aliwaomba ruhusa ajenge nyumba juu ya paa lao, wakamkubalia kwa sharti kwamba tushike sikukuu zao. Nakukumbusha zote, na kusema kweli najikumbusha na mimi.

Mwaka wao unaanza vuli, siku ya Kuwasha, wanapowasha matanuri yao huko chini. Siku hiyo hatugusi mkaa. Tunaweka sufuria juu ya sakafu ya jiko na uji unachemka wenyewe. Baada ya mwaka mpya wetu unaingia mwezi wa Kimya, wanapozika wafu wao. Hatutwangi, hatupigi nyundo, na mtoto akiangusha kifuniko tunabaki tunatazamana. Masika ni Kuosha Ndevu. Yale maji yanayotoka kwenye ufa nyuma ya nyumba yanakuja na nywele nyeupe ndefu, na wewe mpuuzi ulizisuka ukamfungia mbuzi, Mama akakuchapa mpaka ukaomba radhi kwenye ufa. Mwezi wa sita ni Hesabu. Mwisho wa Septemba wanafunga Milango, na aliye hai ambaye hayumo kwenye hesabu anabaki nje, nyumba nzima inamsahau.

Hesabu ya mwaka huu ilikuwa Jumamosi, tarehe 25 Juni, saa tisa alasiri kama kawaida. Tulipanga vigoda sita pale jikoni. Cha Mama, changu, cha kaka yako Masele, cha mkewe Evelina, cha binti yao Tereza, na chako, juu yake lile shati la bluu ulilolivua siku unaondoka. Walianza kugonga kutoka chini, kigoda kimoja baada ya kingine, na kila aliyegongewa alisema nipo. Walipomaliza cha Tereza, Mama alikuwa amekwisha kufungua mdomo kukuitikia, kwamba yupo, yuko safarini. Hawakugonga.

Tulingoja hadi jua likatoka dirishani. Halafu nikasikia kitu chini ya kigoda chako, Luhaga. Walikuwa wanafagia. Taratibu, kama mtu anayesafisha chumba cha mpangaji aliyehama.

Basi tukajua umekufa. Mwaka aliofariki Baba walinyamaza hivyohivyo. Nililia hadi sauti ikakauka, na Masele akaanza kuulizia nauli ya kuja kukutafuta. Tarehe 8 Julai ndipo ikafika barua yako, uliyoiandika tarehe 30 Juni, ukiwa mzima wa afya na ukilalamikia bei ya mchele! Yesu na Maria, niliibusu bahasha mbele ya karani wa posta.

Sasa nikawa najiuliza wamekosea vipi, na hawajawahi kukosea. Kwanza niliwalaumu wapasua kokoto. Tangu biashara iwe huria wamejaa upande wa pili wa kilima, na mwaka huu waligonga nyundo zao Kimya kizima bila haya. Nikasema majirani wamechanganyikiwa kwa makelele. Lakini nilipolichukua shati lako nilirudishe kabatini, lilinukia maua.

Evelina alikuwa amelifua. Tulimfundisha mambo mengi alipoolewa, hilo hatukumfundisha, kwa sababu hatukuwahi kuona haja. Unakumbuka miaka ile ya mgao? Kipande cha sabuni kilikatwa kwa uzi, nani angelifua shati la mtu asiyekuwepo? Siku hizi maduka yamejaa sabuni za unga za kila rangi, na mtoto wa watu aliona aibu shati la shemeji yake likae na jasho la miaka tisa. Akalifua, akalipiga pasi, akatia na wanga kwenye kola. Majirani hawaoni, wanajua mtu kwa jasho lake, na chini ya kigoda hawakumkuta mtu. Usimkasirikie. Alifanya kwa heshima, na tangu ajue alichofanya, chakula hakimshuki.

Kusahau kulianza wiki hiyohiyo. Masele, mliyekula naye sahani moja hadi mkaota ndevu, aliniuliza baiskeli iliyoko stoo ni ya nani. Nilidhani anatania. Nilipomwambia ni ya Luhaga, alitikisa kichwa kwa adabu, vile mtu anavyofanya akitajiwa jina la mgeni. Mama akisahau utasema ni uzee, sawa. Je, Masele?

Na mimi sijapona. Nimeandika jina lako kwa mkaa ndani ya mlango wa kabati. Alhamisi nilifungua, nikalisoma, nikawaza ni jina la fundi aliyetengeneza kabati. Nilifuta herufi mbili kabla sijashtuka. Tangu hapo kila asubuhi nakwenda kwa Mama Maulida, jirani yetu wa kawaida, ambaye nyumba yake haiko juu ya jiwe na kumbukumbu zake ni salama. Ananisimulia habari zako. Leo amenisimulia ulivyotumbukia ziwani na viatu vya Baba. Nilicheka sana, halafu nikaona nimecheka kama ninavyocheka habari za mtoto wa wengine. Iliniuma, mdogo wangu. Iliniuma sana.

Kuna kitu sikuwahi kukuambia. Kile kigoda kikuukuu kilichofungiwa stoo, chenye alama ya kisu mguuni, niliwahi kumwuliza marehemu Bibi ni cha nani. Alisema hajui. Alikishika, akakigeuzageuza, machozi yakawa yanamtoka, na mwenyewe akanionyesha machozi yake akashangaa yametoka wapi.

Bibi huyohuyo alisema aliyechelewa anaweza kuhesabiwa siku ya Milango, jasho lake likiwekwa kabla ya alasiri. Sijawahi kuona ikifanyika, na yeye alisikia tu. Shati usilitume kwa posta. Mpe mtu unayemwamini, tena mwambie asilipange na nguo zake. Lakini hasa hasa ninachoomba ni uje mwenyewe ukiwa umelivaa. Ukifika nikasimama mlangoni nikakuuliza unamtaka nani, usinune, usigeuke. Nipe barua hii. Mwandiko wangu nitaujua.

Evelina anakusalimu na kukuomba msamaha. Tereza anakusalimu kwa sababu nimemwambia. Masele nimemwandikia salamu zake mimi, maana ameniuliza anamsalimu nani. Mama Maulida anakusalimu kwa moyo wote, na anasema viatu vya Baba havijaonekana hadi leo. Mungu akulinde njiani, akuongoze hadi kwenye mlango huu.

Mama nimemwambia naandika kwa kitinda mimba wake. Amesema yeye alijaliwa watoto wawili tu, Getruda na Masele, ila hakatai kumsalimu mtoto wa mwenzake. Anasema, huyo kijana asikae sana ugenini, arudi nyumbani, lazima kuna mama mahali anamngoja.

Ni mimi dada yako nikupendaye, nikiwa bado nakujua,

Getruda