Hukumu Wanayoielewa

Jumanne, 13 Mei 2025
Mzee Protase wa Nshamba kanisubiri nje ya mahakama, bahasha kwapani. Ndani yake hukumu niliyoandika mwenyewe mwezi uliopita – kurasa kumi na moja za Kiingereza. Siku niliyoisoma alikuwa amelazwa. Akauliza: Mheshimiwa, nimeshinda au nimeshindwa? Ameshinda! Mwezi mzima hajui. Nimeona aibu.

Alhamisi, 15 Mei
Bukoba. Kikao cha rasimu ya sera ya mahakama: kuioanisha na sera za taifa. TEHAMA, uwekezaji – kurasa tele. Kiswahili – mstari mmoja! Nikasimama. Nikasema serikali isituamrie nani ashinde, lakini mwananchi lazima aelewe kwa nini kashinda. Tuanzie hapo. Mwenyekiti, Mheshimiwa Rugambwa, akacheka: istilahi utazitoa wapi, dada? Nikamjibu hukumu yangu ya Jumatano itakuwa ya Kiswahili chote, aje asikie. Nimerudi Muleba najiona mrefu.

Jumapili, 18 Mei
Baada ya ibada, kuandika tu. Rufaa ya mirathi: Magdalena, mjane, na shemeji yake Ildefons anayedai kibanja cha marehemu, shamba lake la migomba, ni cha ukoo. Kwa Kiingereza ningejificha nyuma ya maneno marefu. Kwa Kiswahili kila sentensi inadai sababu yake. Ukurasa wa tatu nimeufuta mara nne. Sasa umekaa vizuri.

Jumatano, 21 Mei – ofisini, saa tano asubuhi
Nimeahirisha nusu saa. Nilisoma vizuri, ukumbi umejaa. Nikafika kwenye uamuzi: kibanja ni cha Magdalena, kutoka barabarani hadi mlamula wa chini, ule mti wa mpaka. Ildefons akanyanyuka. Nikajua anakataa kushindwa. Wala! "Waitu Mheshimiwa, kushindwa nimesikia. Ila mpaka ni mlamula wa juu. Wa chini uko kwangu." Nikamtazama Magdalena. Angeweza kunyamaza. Akasema polepole: ni kweli, wa juu.

Nimefungua jalada. Shahidi wa pili – wa juu. Kosa ni langu. Sijasaini bado, nitarekebisha mbele yao. Rugambwa yuko benchi la nyuma, anaandika kitu. Aandike!

Ila nimegeuka nikaliona kabati. Miaka sita ya hukumu zangu za Kiingereza. Hakuna aliyewahi kusimama kunisahihisha. Nilikuwa najisifia hilo. Nilidhani ni kwa sababu sikosei. Kumbe –

Karani anaita. Wameshakaa.