Chozi wa Mkomamanga Wetu

Baba Nasra,

Tangu ututoke, nna hasira kuliko kilio, na unisamehe kwa hilo. Udongo wa kaburi lako haujakauka, mdogo wako Seif keshaamua kuung'oa mkomamanga wako uani apate pa kuweka gari. Kakaa majlisini kwako, chumba cha wageni, kanywa kahawa yangu, kisha kamtuma binti yetu aje aniambie ndani kwamba vibarua watakuja kutoka Rusayl, kule kwenye viwanda. Mie hakuniuliza. Mwanamke aliye edani, ati, ana neno gani?

Na yule ndege wetu chozi keshajenga mtini humo. Yule jike, mgongo kijivu, tumbo manjano. Dume lake unamjua, mweusi mpaka jua limpige, hapo anang'ara buluu na zambarau kwa kujionesha. Jike peke yake kakishona kiota kwa nyuzi za buibui, kakining'iniza tawini, na sasa ana makinda wawili. Kutwa anawaletea vidudu. Mwenyewe anachomeka mdomo wake uliopinda ndani ya maua mekundu, ananyonya utamu, anaruka tena. Nasra kanionesha kwenye simu ndege wa Amerika anayekunywa huku anaelea hewani. Nikakumbuka ulivyomjibu zamani alipokuonesha wewe: "Wetu ana adabu, anakaa kwanza ndo anywe." Wallahi nilicheka, na eda yangu hii.

Nilimwomba Seif, kupitia Nasra, angoje makinda waruke. Akasema ndege hakosi mti. Basi siku ya vibarua nikatoka na nguo zangu za eda, nikatandika mkeka chini ya mkomamanga, nikakaa. Nasra akanisihi nirudi ndani. Nikanyanyua sauti, Seif asikie kule nje ya geti: "Ua huu ni nyumba yangu. Eda yangu naikalia hapa, na asiye maharimu wangu asiingie."

Angeingiaje? Shemeji si maharimu, dini inamruhusu kunioa. Si yeye aliyewahimiza watu wote waiheshimu eda yangu? Kasimama pale na vibarua na msumeno wao, mwisho wakaondoka. Majirani wanasema nimerukwa na akili. Waseme.

Nna hamu nawe, Baba Nasra. Nyumba inanipwaya, hata chai sijui niipike ya nani. Mungu akulaze pema. Seif anangoja eda iishe, na itakwisha. Nakuahidi, siku hiyo atanikuta hapa hapa mkekani, tuonane uso kwa uso.

Mkeo