Kwa Sikuzani, Aliyelipa Siku Asizodaiwa

Mwezi wa Rajabu umerudi, Sikuzani binti Mwishehe, na wewe hukurudi nao. Mwaka umetimia tangu tukutoe kwenye mlango ule ulipokuwa ukikaa na karai lako la vitumbua, tukakupeleka kulala na wazee wako. Waliokubeba walikuwa wanne, na walisemezana njiani, mumeo akiwasikia, kwamba jeneza ni zito kuliko aliyemo.

Mumeo Mwinyimvua amekaa na kauli hiyo mwaka mzima. Mkono wake umezoea sindano, kalamu haijui sana. Lakini mjini yamesemwa mengi: kwamba ulirogwa, kwamba una pepo, kwamba mume alikunyima chakula. Cheti cha hospitali nacho kikasema lake. Leo nyumba yako inalisema lililo kweli, ili anayekusomea Fatiha ajue anamsomea nani, na amekufa kwa nini.

Kwanza wasikie ulivyokuwa. Ulikuwa mnene na ulikuwa mzuri, na huku kwetu hakuna aliyekuwa akiyatenganisha mawili hayo. Ulipoposwa kule Makurunge, gauni lako la harusi mumeo alitaka alishone mwenyewe, na kwa kuwa fundi mwanamume hampimi mwari, mama yako alileta vipimo kwa uzi wenye mafundo: fundo la kifua, fundo la kiuno, fundo la nyonga. Mumeo akaunyoosha uzi juu ya meza, ukapita ukingo ukaning'inia. Wenzake wa barazani wakamtania kwamba hapo vitambaa havitoshi, aagize jora. Akawajibu kwamba yeye aliomba mke, na Mungu amempa mke na ziada.

Ulikuwa ukicheka, mabega yanacheka nawe. Asubuhi ulikaanga vitumbua, na mtoto wa mtu akipita kwenda shule mikono mitupu ulimwita kwa jina la babu yake: "Mjukuu wa Mzee Mbaruku, unapita mkavu?" Naye akaondoka anatafuna. Mgonjwa wa mtaa huu hakulala siku mbili bila bakuli lako la uji. Na ulipokaa kula, ulikula kwa raha, ukavunja mfupa ukaunyonya, ukasema Alhamdulillahi hata jirani akasikia ng'ambo ya ukuta. Mumeo akiwa kwenye cherehani alilingoja neno lile kama wengine wanavyongoja adhana.

Ikaja sabini na nne. Mvua zikatukataa, tukawa watu wa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, tunaupangia foleni kwenye duka la ushirika tangu jua halijapanda. Siku moja ya Shaabani ulikuwa katika watu kumi wa mwanzo. Katibu wa tawi la chama ndiye aliyekuwa akisimamia. Jina lake hatuliandiki, halina haki ya kukaa karatasi moja na lako. Alikuwa amebandika ukutani picha ya mnyonyaji, mtu mwenye tumbo kama pipa, anawakalia wenzake mgongoni. Akakutazama, akaitazama picha, na watu wakaanza kucheka hata kabla hajasema.

"Wanyonyaji tunawatafuta mbali," alisema, "kumbe tunapanga nao foleni. Mama huyu ana akiba ya miaka miwili, ghala analitembeza mwenyewe. Arudi nyuma, wenye mifupa watangulie."

Foleni yote ilicheka. Walicheka na wale uliowalisha vitumbua. Tuliambiwa kwamba hata wewe ulicheka, mabega yakitikisika vile vile, ukaenda mwisho wa mstari, na unga ukaisha hujafika.

Hukumwambia mtu. Mumeo alizipata habari kwa mteja aliyeleta shati, akizisimulia kama kichekesho, mpaka katikati ndipo alipokumbuka anamsimulia nani. Mumeo akaapa kwamba atamwendea Katibu. Hakwenda. Suruali ya Katibu ilikuwa pale mezani, imeletwa itanuliwe kiuno inchi mbili, katika mwaka wa njaa. Akaitanua. Hilo nalo liandikwe.

Kesho yake ulisema, "Leo nalipa."

Mume wa Kiislamu hamuulizi mkewe analipa siku zipi. Zilizompita mwanamke katika Ramadhani ni zake na Mola wake, na Shaabani ndiyo mwezi wa kuzimaliza. Ukalipa saba, ukalipa kumi, ukailipa Shaabani yote. Ikaingia Ramadhani, ukafunga na watu. Idi ikapita, ukaunga sita za Mfungo Mosi, mwezi wa kwanza baada ya Ramadhani. Kisha ukashika Jumatatu na Alhamisi, na siku zilizobaki, akikuuliza mtu, unalipa. Neno hilo lilikuwa mlango wa msaji, hakuna aliyethubutu kuugonga. Wanawake walikutaja kwa ucha Mungu, mumeo akapewa hongera msikitini, naye akazipokea.

Magharibi ulifungua kwa maji na nusu ya tende, ukasema umeshiba. Lakini kupika ulizidi. Hujapata kupika kama mwaka ule. Kidogo tulichokipata ulikigeuza karamu, ukakaa kututazama tunakula, ukisema ongeza, ongeza. Sahani yako ulikwenda kuilia uani, eti ndani kuna joto, na huku umejifunika kanga mbili kwa baridi. Mwanao Mardhiya ndiye aliyekugundua. Alisema, "Baba, mbona kuku wetu wamenenepa?" Watu wanachimba mizizi kule Fukayosi, na kuku wa nyumba hii wamenona hata ukuta hawaruki.

Mumeo alikuuliza. Ulimjibu kwamba humpendi kuku mwenye njaa. Akacheka. Ulimletea gauni lako la kijani alipunguze, akalipunguza inchi nne. Ukalirudisha, akapunguza tatu. Fundi gani huyu asiyejiuliza nguo inapungukia wapi? Futi yake ya pili ya kupimia nguo ikapotea, akaitafuta kila droo, na hakuwaza kwamba unayo wewe.

Mfungo Tatu ulikutana tena na Katibu pale dukani. Alikupima kwa macho akasema, "Sasa umekuwa mwananchi." Ukaja ukatusimulia mwenyewe, uso umekunjuka, kama mtoto aliyesifiwa na mwalimu. Nywele zilikuwa zimeshaanza kubaki kwenye kitana.

Tulikupeleka hospitali. Mganga akakupa dawa ya minyoo, akakupiga sindano, akamgeukia mumeo akasema mama hana ugonjwa, ale tu. Kana kwamba hilo hatukulijua. Kwamba kula kwenyewe ndiko kulikougua, hilo halikumo katika daftari lake. Tukaenda kwa fundi wa pepo. Pepo akataka kuku mwekundu na halua na ngoma siku tatu. Pepo alikula, wewe hukula.

Mfungo Saba, maulidi yameshapita, akafika somo yako Bimdogo kutoka Pangani, yeye aliyekufunda uwari wako. Alikaa nawe siku mbili, anakusuka tu hizo nywele zilizosalia. Ya tatu akamwita mumeo ukumbini.

"Huyu hana pepo wala minyoo," alisema. "Ameaibishwa, na kila tonge analonyanyua anaiona foleni ile inamcheka. Msimlazimishe, msimbembeleze, msimtazame mdomoni. Na mwili wake usitajwe humu ndani, kwa ubaya wala kwa wema. Tutakula naye, basi."

"Na asipokula?" mumeo aliuliza.

"Tutakula naye kesho."

Bimdogo akaziondoa sahani za mtu mmoja mmoja. Tukala sinia moja, na futari yako na chakula chetu cha jioni vikawa kitu kimoja. Alianza na uji mwembamba wa mchele, kikombe kimoja kinapita mkono kwa mkono, huku akitupa habari za Pangani: mzee Sharifu aliyeoa mara tatu na kila mke akamtoroka kwa dirisha lile lile, naye hataki kulitia nondo kwa kuwa linaingiza upepo. Ulicheka, kikombe kikapita kwako, ukanywa bila kujijua. Bimdogo hata kope hakupepesa. Akaendelea na la mke wa nne. Juma baada ya juma, uji ukawa wali, funda likawa tonge. Ikafika siku ukaacha kusema unalipa. Ikafika siku tukasikia Alhamdulillahi, ya chini chini, na mumeo akainamia sinia asije akaonekana analia.

Hapa tunafika pagumu, Sikuzani, na mumeo amesema pasirukwe.

Ilikuwa Mfungo Nane, asubuhi ya Ijumaa. Ulitoka barazani na lile gauni la kijani, na mabegani limekaa. Jua lilikuwa limekupiga upande mmoja wa uso. Mumeo aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani akamwona mkewe, yule wa uzi uliopita ukingo wa meza, anarudi. Na mwanamume wa Bagamoyo, akifurahi hivyo, ana neno moja tu kinywani, ambalo baba yake alimwambia mama yake, na ambalo sote tunaambiana tukipotezana mwezi mmoja, na hakuna sifa inayolipita. Akalisema.

"Mashaallah, mke wangu. Umenenepa."

Ulitabasamu, ukamwambia ahsante, ukaingia ndani. Magharibi sinia ilipowekwa ulikaa mbali nayo.

"Kesho naanza kulipa," ulisema.

Bimdogo aliuacha mkono wake juu ya chakula. Alisema polepole, hakumtazama mtu. "Mwinyimvua, umeniulia mwanangu."

Ulilipa siku hamsini na mbili. Mumeo alipiga magoti mbele yako, akakulazimisha, akakubembeleza, akafanya yote aliyokatazwa. Kwenye Rajabu ulikuwa hunyanyuki, hospitali wakakutundikia maji, na maji hayakufika popote.

Wanawake walipokwisha kukuosha, Bimdogo alimletea mumeo kitu kwenye kiganja. Ilikuwa ile futi iliyopotea. Ulikuwa umejifunga nayo kiunoni ndani ya nguo, na umeipiga fundo kwenye inchi ya ishirini na mbili, usipite hapo. Mumeo aliutazama uzi wa mama yako, ambao anao mpaka leo kwenye kopo la vifungo, kisha akaitazama futi. Ule uzi ulikuja na mafundo ya furaha. Fundo hili la pili hajui aliweke wapi.

Akaenda kuchukua cheti. Mganga alikuwa ameandika upungufu wa damu.

"Andika njaa," mumeo alimwambia.

"Mzee wangu, wilaya hii hakuna aliyekufa kwa njaa. Ripoti tumeshaipeleka."

"Basi andika amekufa kwa kutokula."

"Chakula kilikuwepo nyumbani?"

"Kilikuwepo."

"Basi hiyo si njaa." Akagonga muhuri.

Siku ya tatu ya matanga akaja Katibu, na suruali yake imeshabana tena. Alisimama mbele ya waombolezaji akasema kwamba marehemu ni mfano wa kuigwa, alijinyima kwa ajili ya wenzake. Watu wakaitikia amin. Mumeo alikuwa karibu naye kiasi cha kumshika koo, na alichokifanya ni kumpa kahawa, kwa kuwa mgeni wa msiba hupewa kahawa.

Basi sisi tunaandika ambalo wao hawakuliandika. Sikuzani binti Mwishehe alikufa kwa njaa, nyumba ina chakula. Neno la kwanza lilitoka kwa mkubwa, akalitupa kwa mzaha akaenda zake kula. Walioajiriwa kutibu hawakulijua, na walipolijua likawaharibia hesabu za ripoti. Mumeo hawasamehi, na asiseme mtu kwamba Uislamu unataka asamehe, aende kwanza yeye akalale kwenye kitanda kile ulichomwachia peke yake. Lakini neno la mwisho lilitoka kwa aliyekupenda, na huyo hana wa kumshitaki ila yeye mwenyewe.

Mwezi ujao ni Shaabani. Juma lililopita Mardhiya, ambaye sasa amekuwa mkubwa, alisimama mlangoni akasema mwezi ujao atalipa. Cherehani ikasimama. Mumeo alitaka kumuuliza ngapi, alitaka kumpima kwa macho, alitaka kumkataza. Akamwambia, "Inshallah, mwanangu," akaendelea kushona, na mshono ule ukaenda kombo akaufumua wote.

Kila Magharibi atakuta sinia moja na mikono miwili inamngoja, wa baba yake na wa Bimdogo, ambaye hakurudi tena Pangani. Mzee Sharifu ataoa mke wa tano. Hatutamtazama mdomoni. Hatutamwambia amekonda, na akitoka siku moja na jua likampiga upande mmoja wa uso, baba yake atauma ulimi wake mpaka damu.

Wanaokukumbuka ni mumeo Mwinyimvua, fundi, mwanao Mardhiya, somo yako Bimdogo, dada yako Tabia wa Makurunge, na wote walioonja mkono wako. Hatutakusahau mpaka nasi tubebwe. Mwenyezi Mungu akurudishie siku zile ulizolipa, na hukudaiwa.