Wanataka Moshi Tu

Baba Neema wangu,

Tangu tukuzike hapa kambini Dzaleka sijakuandikia, maana kila nikianza hasira inanitangulia. Leo naiacha itangulie.

Ile mashine yako ya kupasulia magogo iko Lilongwe, inang'aa. Imepakwa rangi nyekundu, imesimamishwa kwenye lango la hoteli ya yule tajiri wa mbao, na maua yamepandwa pembeni. Wageni wanapiga picha wakiwa wameegemea tangi lake.

Unakumbuka tulivyoikuta nyuma ya duka lake kule Mchesi, kutu tupu, kuku wakitaga ndani ya jiko lake? Mimi niliona chuma chakavu. Wewe uliipapasa, ukasema ni ya mvuke, kama ile uliyoiendesha misheni kule kwetu Fizi ukiwa kijana. Nilikucheka. Tajiri hakucheka. Alisema ukiifanya ipasue mbao tena, utaiendesha wewe, naye atatutafutia kibali cha kuishi na kufanya kazi mjini.

Ruhusa ya kutoka kambini ilikuwa ya siku chache, kwa hiyo ukaamua mashine ije kwetu. Tangi na gurudumu kubwa vilibaki kule dukani, vingine vyote vilikuja kipande kwa kipande, ndani ya magunia, kwa minibasi halafu kwa kabaza, wale vijana wa baiskeli wakilalamikia uzito. Majirani walidhani unaiba vyuma. Valvu ulizichemsha kwa maji ya majivu ndani ya sufuria yangu ya maharage, na sufuria ile haikupikiwa tena. Mimi nilisugua, wewe ukanieleza kila kipande kinakaa wapi, hata nikaijua mashine nzima kabla sijaiona imesimama. Sitasema uongo, siku zile nilikuwa na furaha.

Nilikusihi umwombe karatasi ya makubaliano.

"Tulisali naye, Mama Neema," ukanijibu. "Pasteri alikuwa pale. Mutu hawezi danganya mbele ya Mungu."

Kwetu, watu wakiweka mikono juu ya kitu kimoja na kusali, maneno yamekwisha. Kwake ilikuwa sala tu. Wewe uliichukua ile amina kama sahihi yake, na hilo bado linanichoma, kwa sababu hata mimi niliitikia.

Siku ya kuijaribu, tulipokwisha kuirudisha na kuiunga kule kwake Lilongwe, ulisema moto ni kazi yangu, nikauwasha. Gurudumu kubwa likasita, likaguna, likazunguka. Msumeno ukaingia kwenye gogo la msonobari ukalipasua mpaka mwisho, ukalia mbele za watu bila aibu. Tajiri alipiga makofi. Baada ya siku chache akamwita mchomeleaji, akalifunga lile gurudumu, eti wageni wasije wakaumia. Kumbe alitaka pambo la lango tu, na hadithi ya kuwasimulia wageni kwamba liliwahi kufanya kazi. Kibali hakikutajwa tena.

Ulirudi kambini, ukaketi mlangoni, ukaniambia, "Ile mashine baliifunga." Huko zahanati walisema ni presha. Mimi nilikuwa nakupakulia chakula na kukiondoa kikiwa kizima, najua kilichokuua.

Sasa sikia. Jana meneja wa hoteli alinipigia simu. Jumamosi kuna harusi, na maharusi wanataka mashine itoe moshi nyuma yao kwenye picha. Amesikia kuwa mke wa fundi anajua kuiwasha. Nikamwambia gurudumu limechomelewa, haiwezi kuzunguka. Akasema hakuna haja ya kuzunguka. "Utsi basi, mayi," akasema. Moshi tu, mama. Hata maji nisitie, yasije yakaleta mvuke wa kuwatisha wageni.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba tangi likiwashwa bila maji mabomba yake ya ndani yanapinda, na halishiki mvuke tena. Yeye hajui. Sikumwambia.

Nimekubali. Watapata moshi wao, majani mabichi yapo tele. Lakini chini yake nitapanga kuni kavu, nyingi, na nitakaa pale nikichochea mpaka nisikie mabomba yanalia. Uliitengeneza ipasue mbao, hukuitengeneza iwe pambo la watu waliokudanganya. Ukikasirika huko uliko, kasirika. Sikuombi ruhusa, nakuarifu.

Mke wako,
Mama Neema