Watu Baki Ndio Warithi Wangu

Shoga, natoka kwa wakili sasa hivi.

Nilikwenda kuandika wosia. Nyumba nawaachia watoto, duka la vitambaa naiachia ile hospisi iliyomuuguza mume wangu mpaka akakata roho.

Si shemeji akapata habari, akaingia bila hodi! "Umerogwa? Mali ya kaka yangu uwape watu baki?"

Watu baki! Mbele ya wakili!

Nikamwambia, "Duka ni jasho langu na cherehani yangu. Na hao watu baki ndio waliomwogesha kaka yako, wakamshika mkono akilia kwa maumivu. Wewe ulikuwa wapi?"

Akanywea.

Mlangoni akageuka, akauliza kwa sauti ndogo, "Aliniulizia?"

Nikamwambia ukweli: kila siku.

Aende mahakamani akitaka. Sahihi nimeshatia.